Uliona Nini, Ulifanya Nini, Ulimwambia Nani

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi kwa wenzetu wanaojiandaa na usaili wa kazi ya msaidizi wa huduma za afya katika hospitali za NHS, yaani huduma ya afya ya umma, hapa Uingereza. Mliokuwa zamu mliniomba niiandike. Nimeiandika kama nilivyoisema, ukiacha vicheko na yule mtoto aliyelia katikati.

Wazee wetu, shikamooni. Mama zangu, dada zangu, kaka zangu, hamjambo?

Nimeambiwa nina dakika 45, na kwamba baadhi yenu mmetoka zamu ya usiku mkaja hapa moja kwa moja. Nawaona kule nyuma mmeegemea ukuta. Sinzieni kidogo, sitachukia. Ila nikifika kwenye kengele mbili nitawaamsha.

Nianze na swali. Nani humu amewahi kuitwa kwenye usaili wa hospitali, wale wa Kenya mnasema intavyuu, akatoka pale anatabasamu, akampigia ndugu yake simu, "imeenda vizuri sana," halafu baada ya siku tatu ikaja barua pepe ya "tunasikitika"? Inueni mikono. Msione haya. Na mimi wangu uko juu.

Usaili wangu wa kwanza walinikabili watu wawili, sista wa wodi na mwenzake, kila mmoja ana karatasi. Sista akaniuliza, "Tueleze siku moja ulipomhudumia mtu ukalinda utu wake." Nikajibu kama msoma risala mbele ya mgeni rasmi. Mimi ni mchapakazi. Mimi napenda watu. Kwetu tunaheshimu wazee. Tunafanya kazi kwa ushirikiano. Yalinitoka kama maji.

Sista alikuwa na kalamu mkononi. Mnajua nilichokiona? Ile kalamu haikuandika. Ilikaa juu ya karatasi, inangoja. Nilipomaliza akaniuliza kwa upole, "Unaweza kutupa mfano?" Nikarudia yale yale, safari hii kwa sauti kubwa zaidi.

Nilipokosa ile kazi nilipiga simu kuuliza nilikosea wapi. Hili lifanyeni, jamani. Mkikosa, ulizeni, wengi wao wanajibu. Sista aliniambia neno moja ambalo nimelibeba mpaka leo: "Tulikupenda, lakini hukutupa kitu cha kuandika."

Hukutupa kitu cha kuandika. Leo mimi ndiye ninayekaa upande wa pili wa meza nikiwa na kalamu, na ninawaambia kwa hakika: kalamu haiandiki sifa. Kalamu inaandika mambo matatu. Uliona nini. Ulifanya nini. Ulimwambia nani.

Nieleze kidogo jinsi mambo yanavyokwenda ndani ya kile chumba, maana wengi tunaingia kama tunaingia mahakamani. Mara nyingi wanaokuuliza ni wawili au watatu. Maswali yameandikwa kabla hujafika, na kila aliyeitwa siku hiyo anaulizwa yale yale. Kila jibu linapewa alama. Mtu akikosa kazi akauliza sababu, lazima karatasi iweze kusema. Kwa hiyo hata anayekuuliza akikufahamu, hata kama umefanya naye kazi miezi sita kama kibarua wa zamu, hawezi kukupa alama ya jambo ambalo hukulisema. Nimeona watu wazuri, wanaojulikana wodi nzima, wanaangushwa na kimya chao. Anaulizwa jambo, anacheka, "Ah, si unanijua?" Namjua, ndiyo. Karatasi haimjui.

Na kwa nini wanauliza sana habari za utu na huruma, kuliko habari za vyeti? Hapa kuna historia ambayo msaidizi yeyote wa wodini anapaswa kuijua. Kati ya mwaka 2005 na 2009, katika hospitali ya Stafford, wagonjwa walitelekezwa kwa namna ambayo ukisoma unaweza kufunga kitabu. Watu waliachwa kwenye mashuka machafu. Maji yaliwekwa mezani mahali mgonjwa asipofika. Chakula kilitua kikaondolewa bila mtu kulishwa. Ripoti ya Robert Francis, wakili aliyeongoza uchunguzi, ilitoka Februari 2013 ikiwa na mapendekezo 290. Julai mwaka huo huo ikaja tathmini ya Camilla Cavendish, iliyowatazama wasaidizi kama sisi, na kutokana nayo ndiyo mnayo leo ile Care Certificate, mafunzo ya msingi ya msaidizi mpya, iliyoanza Aprili 2015 ikiwa na viwango 15.

Sikilizeni vizuri hilo la maji. Gilasi ilikuwepo, na maji yalikuwemo, ila mkono wa mgonjwa haukufika. Kuijaza ile gilasi hakukuhitaji chuo kikuu, na kuisogeza hakukuhitaji cheti. Kulihitaji mtu wa kuona. Ndiyo maana tangu wakati huo mwajiri anatafuta kwanza jicho. Mtu anakuja ameziimba zile C 6 za mwaka 2012, yale maadili sita ya uuguzi yanayoanza na herufi C kwa Kiingereza, kama shairi la sherehe za shule, na mimi moyoni najiuliza jambo moja tu: huyu atayaona maji?

Nitawapa kisa. Nibadilishe mambo madogo ili mhusika asijulikane.

Alikuja kwetu dada mmoja ambaye hajawahi kufanya kazi hospitali hata siku moja. Alikuwa anafanya usafi maofisini. Aliingia anatetemeka, Kiingereza chake kinachechemea. Tukamwuliza lile lile la utu. Akasema: "Nilimtunza bibi yangu baada ya kupata kiharusi. Kila siku alikuwa anaacha nusu ya chakula. Watu wa nyumbani wakasema hana hamu ya kula. Mimi nikaitazama sahani. Nikaona anaacha nusu ile ile kila siku, ya kushoto. Siku moja nikaigeuza sahani. Akala yote."

Kalamu zetu zilikuwa zinakimbia.

Akaendelea: "Nesi alipokuja nyumbani nikamwambia. Akanieleza kwamba kiharusi kinaweza kumfanya mtu asitambue upande mmoja. Tangu siku hiyo nikawa naweka kikombe kulia kwake, na nikitaka kuzungumza naye nakuja kwa upande wa kulia."

Ndugu zangu, huyu dada hakutumia neno utu hata mara moja. Hakutumia neno huruma. Lakini aliona nini? Aliona nusu ya sahani. Alifanya nini? Aliigeuza. Alimwambia nani? Alimwambia nesi. Alianza kazi baada ya wiki chache tu, mara vibali vyake vilipokamilika.

Sasa wewe unayesema huna uzoefu. Hukuwahi kumwogesha mtu? Hukuwahi kukaa na mgonjwa usiku? Hukuwahi kumtuliza mteja anayefoka, au kulea mtoto asiyesema? Unavyo visa tele. Umevidharau tu kwa sababu hukulipwa.

Namna ya kujiandaa ni hii. Tangazo la kazi linakuja na karatasi ya sifa zinazotakiwa, ile wanayoiita person specification. Sifa za lazima upande mmoja, za ziada upande mwingine. Maswali yanatoka humo. Hayatoki mbinguni. Chukua kalamu, na mbele ya kila sifa ya lazima andika kisa kimoja kutoka maisha yako. Utagundua visa sita au saba vinatosha, maana kisa kimoja kinaweza kujibu maswali matatu. Kile cha sahani ni cha utu, ni cha mawasiliano, ni cha kugundua mabadiliko. Pia soma maadili ya hospitali yenyewe kwenye tovuti yao, kila moja ina yake, na uangalie nafasi ni ya daraja gani. Band 2 kwa sehemu kubwa ni kumwogesha mgonjwa, kumlisha, kumpeleka choo. Band 3 unaongezewa vipimo na kazi nyingine za kitabibu. Usiende Band 3 ukaishia kwenye habari za kuogesha tu.

Halafu visa hivyo usivikariri. Visimulie kwa sauti. Simulia ukiwa unaosha vyombo, jirekodi kwenye simu, jisikilize. Utajichukia siku ya kwanza. Siku ya tatu utaanza kuona pale unapozunguka bila kutua.

Kuna mambo mawili ya kwetu ambayo yanatuangusha, na lazima niyaseme wazi kwa sababu tuko sisi kwa sisi.

La kwanza ni neno "sisi." Tumelelewa hivyo. Ukiulizwa ulifanya nini, unasema tulimwosha, tulimbadilisha, tulimwita daktari. Ni adabu, na wala siikatai adabu. Lakini anayekuuliza anabaki anajiuliza, huyu alikuwa anafanya nini wakati wenzake wanamwosha? Alishika taulo? Alikuwa mlangoni? Kwa dakika 30 za usaili, sema "mimi." Mimi nilichota maji nikayapima kwa kiwiko. Mimi nilivuta pazia. Mimi nilimfunika sehemu niliyokwisha kuiosha asipate baridi. Ukitoka nje rudi kwenye "sisi" yako, hakuna atakayekunyang'anya.

La pili ni ule msemo wetu, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tunauamini kiasi kwamba mtu anakaa mbele ya wasaili kama embe bivu linalosubiri kuonwa. Mama mmoja wa makamo, miaka mingi ameuguza watu, nilimsaidia kujiandaa. Kila nikimwuliza anajibu, "Mwanangu, mimi nijisifu?" Nikamwambia, mama, usijisifu. Wewe simulia tu siku ile. Akanisimulia jinsi alivyomtambua mzee aliyekuwa na maumivu bila kusema, kwa sababu kila akigeuzwa alikuwa anakunja vidole vya miguu. Nikamwambia, hicho hicho mama, peleka hivyo hivyo. Alikuwa hajajisifu hata kidogo.

Tuingie wodini sasa, kwenye maswali ya kazi yenyewe.

Swali ambalo karibu halikosi: "Unampima mgonjwa, unakuta kuna kitu hakiko sawa. Utafanya nini?" Wengi wanajibu, "Nitamwambia nesi." Ni sahihi, na ni jibu lenye alama ndogo. Umwambie nini? Kwa namna gani? Na asipokusikia?

Usiku mmoja, saa 10 alfajiri, nilikuwa nawapima wagonjwa wangu. Kuna bibi aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga. Kwenye chati yake pumzi zilikuwa zimeandikwa 16, 16, 16. Mliokwisha kufanya kazi hii mnacheka, mnaijua hiyo 16. Ni namba ya mfanyakazi aliyechoka. Joto linapimwa na mashine, presha inapimwa na mashine, lakini pumzi lazima macho yako yahesabu, na ndiyo maana watu wanazikisia. Mimi nikasimama miguuni pa kitanda nikatazama blanketi. Linapanda, linashuka. Nikahesabu dakika nzima kwa saa yangu. Zikafika 26.

Hospitali za hapa zinatumia NEWS2, mfumo wa alama uliotolewa mwaka 2017 na Royal College of Physicians. Unatazama mambo saba: pumzi, oksijeni mwilini, kama mgonjwa anasaidiwa na oksijeni, presha, mapigo ya moyo, fahamu na joto. Pumzi 12 hadi 20 kwa dakika ni sifuri. Kuanzia 25 ni alama 3 kwa pumzi peke yake, na alama 3 kwenye kipimo kimoja inatosha kumfanya nesi aje amtazame haraka. Jumla ikifika 5 ni jambo la kuharakishwa, ikifika 7 ni dharura. Hamhitaji kuwa madaktari kuyajua haya. Ila mkiyajua, mnaongea lugha ya wodi.

Nikaenda kwa nesi. Alikuwa anahesabu dawa. Akasema, "Sawa, nakuja." Na mimi nilikuwa mgeni pale, sina hata mwaka. Nikabaki nimesimama. Nikamwambia, "Kitanda cha 4, pumzi 26, nimehesabu dakika nzima, saa nne zilizopita zilikuwa 16, na leo hanijibu kama jana. Naomba uje sasa." Akaacha dawa akaja. Daktari akaitwa.

Nimewahi kusimulia kisa hiki kwenye usaili wa kupanda daraja. Mnadhani alama zilitoka wapi? Kwenye 26? Zilitoka pale niliposema nilibaki nimesimama. Kwa sababu kumwambia mtu mara moja kisha ukaenda zako ni kujitua mzigo tu. Mgonjwa yuko pale pale. Na kama nesi angekataa? Ningekwenda kwa msimamizi wa zamu. Na kama ni jambo la kudumu, la wagonjwa kutendewa vibaya na watu wakanyamaza? Semeni kwamba mnajua yupo mtu anayeitwa Freedom to Speak Up Guardian, ambaye hospitali za NHS zinatakiwa kuwa naye ili mfanyakazi apate pa kusemea. Yeye naye ni matunda ya kazi ya yule yule Francis.

Haya, mliosinzia amkeni. Tumefika kwenye kengele mbili.

Uko peke yako kwenye chumba cha vitanda sita. Mzee mmoja amepiga kengele, anataka choo, na hawezi kusimama bila msaada. Kengele ya pili inalia upande wa dirishani. Simu ya wodi inaita. Mara, puu! Mgonjwa mwingine ameanguka. Unaanza na nani?

Nawasikia. "Aliyeanguka." Vizuri. Unafanya nini? ... "Namwinua." Nani kasema anamwinua? Kaka yangu, asante kwa ujasiri, umetusaidia wote. Huruma ya kwetu ni kuinua. Mtu akianguka njiani tunamkimbilia watano, tunamwinua, tunamfuta vumbi. Lakini hujui amevunjika nini. Nyonga? Shingo? Amegonga kichwa? Ukimwinua unaweza kumwongezea jeraha, na mgongo wako nao uende. Kwa hiyo piga kengele ya dharura, ita msaada kwa sauti, piga magoti karibu naye, zungumza naye, mwulize anaumia wapi, mfunike, msimsogeze mpaka nesi amchunguze.

Na yule mzee wa choo je? Hapa ndipo watu wanapomsahau, na hapa ndipo pana alama. Yule mzee akikuona umepiga magoti kwa mwenzake atasema moyoni, huyu binti ana kazi, ngoja nijaribu mwenyewe. Ndipo unapopata wawili chini. Kwa hiyo ukiwa pale pale sakafuni inua uso, umwite kwa jina: "Nimekusikia, usisimame, msaada unakuja." Sentensi moja, nawe hujamwacha aliyeanguka. Msaada ukifika unamtuma mmoja kwake na mwingine kwenye kengele ya dirishani. Simu? Iite mpaka ichoke. Baadaye unaandika kilichotokea: saa ngapi, ulimkuta amelala vipi, alisema nini.

Nilisema umwite kwa jina. Jina gani? Msicheke, hili ni swali la usaili. Mwaka 2013 daktari mmoja wa wazee, Kate Granger, aliyekuwa anaugua saratani, alilazwa na akaona kwamba watu wengi waliomhudumia hawakumwambia hata majina yao. Yeye na mumewe wakaanzisha kampeni ya "hello my name is," hizo beji mnazoziona zimetoka huko. Alifariki mwaka 2016. Sisi tuna ugumu wetu wa aina nyingine. Mimi nilipoanza sikuweza kumwita mtu wa umri wa bibi yangu kwa jina lake tupu, mdomo ulikataa. Nikawa namwita "mama" na "dear." Mgonjwa mmoja akanikazia macho: "Mimi si dear wako. Nilikuwa mwalimu mkuu." Alitaka aitwe Bibi Fulani, kwa jina la ukoo. Kitanda cha pili mwenzake alikataa kabisa jina la ukoo, alitaka lile la utotoni. Basi nikajifunza kuuliza: "Ungependa nikuiteje?" Kisa hicho peke yake kimenijibia maswali mawili ya usaili.

Sasa siri. Hapa nawatazama usoni kwa sababu jamii yetu ni ndogo.

Mtaulizwa: "Umekutana na mtu unayemfahamu, anajua mgonjwa fulani yuko wodini kwako, anakuuliza hali yake. Utasema nini?" Kila mtu anajibu, "Sitasema." Lakini nataka mjiandae kwa hali yetu halisi. Atakayekuuliza si mtu baki. Ni shangazi. Ni mzee wa jumuiya, mtu uliyemwamkia shikamoo dakika moja iliyopita. Anakwambia, "Mwanangu, mimi nauliza kwa wema tu, tunataka kumchangia." Utamjibuje bila kumvunjia heshima? Mimi husema, "Shangazi, kazi yangu hainiruhusu hata kusema nani yupo na nani hayupo. Mpigieni mwenyewe au watu wa nyumbani kwake, watafurahi." Mwone nilivyofanya: sijakubali hata kwamba mgonjwa yupo. Tena kama mgonjwa ni mtu ninayemfahamu, namwambia msimamizi mwanzoni mwa zamu. Ulimwambia nani? Limerudi tena.

Na tahadhari. Mnaposimulia visa vyenu msitaje jina la mgonjwa, wala namba ya kitanda pamoja na wodi na mwezi. Kuna kijana alisimulia kisa kizuri mno, chenye machozi, na jina kamili la mgonjwa mwanzo mpaka mwisho. Alifeli swali la siri kabla hatujaliuliza.

La kosa. "Tueleze ulipokosea." Ukisema hujawahi kukosea, tunaandika kwamba huwa husemi. Mimi huwapa hiki: siku moja nilimnywesha mgonjwa kikombe cha mililita 200 nikasahau kukiandika kwenye chati ya maji. Nilikumbuka nikiwa kituoni nasubiri basi. Mtu ataona ni kitu kidogo. Lakini kulikuwa na daktari ambaye angeitazama ile chati na kuamua kama mgonjwa awekewe dripu. Nikapiga simu wodini papo hapo, nikaongea na nesi wa zamu, akaiandika pamoja na jina langu na saa. Tangu hapo naandika kabla sijaondoka pembeni ya kitanda. Wahenga walishasema mficha maradhi kifo humuumbua, na wodini kifo hicho kinaweza kuwa cha mtu mwingine. Chagueni kosa la kweli, lisiwe la kutisha, na lazima liwe na mahali mliposema.

Kuna wanaoniuliza habari ya mgonjwa anayekutukana kwa rangi yako. Ndiyo, kinatokea, na wanauliza. Usijibu kwamba utavumilia tu, wala usijibu kwamba utamnyoosha. Hakikisha yuko salama, toka pale kwa utulivu, mwambie nesi, iandikwe. Wakati mwingine ni akili imechanganyikiwa kwa ugonjwa, wakati mwingine si ugonjwa hata kidogo. Yote mawili yanaripotiwa.

Makaratasi nitayapita haraka: hati ya kusafiria au kibali cha kufanya kazi, ushahidi wa anwani, majina ya wadhamini ambao umeshawaomba. Ukaguzi wa rekodi za uhalifu, DBS, hufanywa baada ya kupewa nafasi, na kama una jambo la zamani liseme mapema. Nguo safi, kucha fupi bila rangi, mikono bila bangili, kwa sababu wodini tunafanya kazi mikono wazi mpaka kiwiko, na macho yetu yanakwenda huko bila hata kutaka. Swali usipolielewa, omba lirudiwe. Hakuna alama inayokatwa kwa kuomba, na zinapotea nyingi kwa kujibu swali ambalo hukuulizwa.

Mwishoni watasema, "Una swali lolote?" Msiseme hapana. Msianze na likizo pia, mtaiuliza mkishapata. Ulizeni nani atakayewaongoza wiki za mwanzo. Ulizeni Care Certificate mnaifanya ndani ya muda gani na mnapewa saa za kusoma ama ni usiku nyumbani. Mimi kuna mtu aliniuliza, "Zamu yenu ngumu kuliko zote ni ipi, na msaidizi mzuri anafanya nini siku hiyo?" Nilimjibu dakika tano nzima, na nilipomaliza niligundua yeye ndiye aliyekuwa ananisaili.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Basi nisiendelee kusema peke yangu. Hapa mbele kuna viti vitatu, na daftari langu hili ni tupu. Dada mwenye mtandio wa kijani, ndiyo, wewe uliyekuwa unaandika muda wote, hebu njoo. Usiogope, kaa. Mkoba weka chini. Asante kwa kufika, naona umetoka mbali. Swali la kwanza: tueleze siku moja ulipogundua kwamba mtu hayuko sawa, kabla yeye mwenyewe hajasema.

Kalamu yangu hii hapa. Taratibu, tuna muda.